Chemchemi Iliyokataa Kufa

Katika Kisangani nzima, mwanamke wa kwanza kumchemsha Commissaire wa Serikali akiwa hai ni mimi. Bon, si mimi hasa. Mimi nilikuwa najaribu kumpoza. Aliyemchemsha ni mke wake mwenyewe, kwa mikono yake miwili, huku akinicheka kwamba sijui kutwanga.

Kwa msomaji aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, labda kwa sababu muuza karanga alifungia karanga ndani yake, nitarudia upesi.

Ilikuwa miaka ya Zaire, ile ya abacost, koti la Chama lisilovaliwa na tai, ambapo kila mtu alikuwa Citoyen, yaani raia, hata mwizi wa kuku. Mimi Mwanahamisi, kwa majirani Mama Nyota, na mume wangu Amuri tulikuwa na nyumba ya wageni. Nyumba yenyewe aliniachia marehemu baba yangu. Udongo wa matofali yake aliukanyaga kwa miguu yake, na ukitazama vizuri ukuta wa sebule utaona alama ya kisigino.

Akaja kwetu Bwana Nakahara, Mjapani wa kufuata sokwe msituni. Kabla hajamwona hata sokwe mmoja, malaria ikamlaza. Kila homa ilipopanda alitusimulia hoteli ya mama yake, kule milimani kwao. Maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto. Wageni wanavua viatu mlangoni, wanajisugua kwa sabuni pembeni, halafu wanaingia wote katika beseni moja na kuketi kimya, kitambaa kidogo juu ya kichwa. Mwenye amri ni mama wa nyumba. Mume wake ni picha ya ukutani.

Hilo la mwisho nililishika siku ileile.

Alipopona akatufundisha yote. Beseni hatukuwa nalo, tukanunua kwa Wagenia, wavuvi wa mtoni, mtumbwi mzee uliochoka na maporomoko, tukaujengea ndani ya sakafu. Wageni wanaketi mmoja nyuma ya mwenzake kama wanasafiri kwenda Barumbu. Wa kwanza waligoma. "Mama, hii si kuoga, hii iko mchuzi ya watu!" Walipojaribu, kuwatoa ikawa kazi.

Maji ya moto ya ardhini pia hatukuwa nayo. Tulikuwa na Daudi.

Daudi ni mdogo wangu wa tumbo moja. Alichochea moto kwenye meli za mto mpaka mvuke ukamla masikio. Nikamweka uani, nyuma ya ukuta wa bafu asikoonekana, na mapipa na kuni, na bomba linalopita chini ya sakafu mpaka kwenye mtumbwi, likitokea katikati ya mawe tuliyookota mto Tshopo. Kumwita ni kazi bure, hasikii. Kwa hiyo mimi natwanga pondu, majani ya muhogo, uani. Kinu kinatetemesha ardhi, na Daudi, miguu mitupu, anasikia kwa nyayo. Nikitwanga haraka, anaongeza kuni. Nikitwanga polepole, anafungua maji baridi. Nikinyamaza, anangoja.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, mpaka mume wangu, mwenye miguu mikubwa na mdomo unaoishinda miguu, alipokwenda sokoni na kuwaapia watu kwamba maji yetu yanatoka chini ya ardhi. Mungu amemfungulia chemchemi, eti, palepale chumbani.

Sasa sikiliza yaliyofuata.

Aliyeleta habari ni Angélique, jirani yetu wa nyuma. Alikuwa anafagia ofisi ya Commissaire, mkuu wa zone, yaani wilaya. Zone gani siitaji, wajukuu zake wanasoma gazeti hili.

"Mama Nyota," akaniambia, "kaa chini."

"Nimekaa."

"Kaa zaidi."

Nikaegemea ukuta.

"Commissaire anakuya samedi, Jumamosi hii ya salongo, tukimaliza kufagia. Anataka kuona ile maji yenu."

"Karibu yake. Aoge."

"Ataoga, ndiyo. Kisha atachukua. We hujui sheria? Udongo iko ya Serikali. Na kila kitu chini ya udongo, ya Serikali vilevile. Almasi, dhahabu, yote. Alors maji ya moto ndiyo itakuwa ya nani? Ya Amuri?"

Nikahisi ule ukuta unaniegemea mimi.

"Basi tutasema kweli. Maji inatoka kwenye pipa."

"Sema," akajibu Angélique. "Amuri aliapa mbele ya soko nzima. Watu wenye kuchezea Serikali, nao wako na nyumba yao. Lakini haina bafu."

Msomaji, umeona mtego? Maji yakiwa ya kweli, nyumba ya baba yangu inakwenda. Maji yakiwa ya uongo, mume wangu anakwenda. Na ingawa kuna siku ningemtoa Amuri kwa hiari na kubaki na nyumba, si kwa njia ile.

"Asante, dada, kwa kunionya," nikamwambia. "Kumbe unanipenda."

"Nakupenda. Lakini ukuta ya nyuma iko yetu wote wawili. Wakianza kuchimba, hawataniuliza mupaka iko wapi."

Jioni Amuri alirudi akiimba. Nilimwacha amalize lituma yake, maana habari mbaya na ndizi ya kuponda vikikutana kooni ni hatari.

"Papa Nyota, umetuua."

"Nani amekufa?"

"Sisi. Sokoni ulisema nini?"

"Kidogo tu."

"Kidogo namna gani?"

"Nilisema maji inatoka chini. Wakacheka. Ndipo nikasema babu yangu aliota ndoto. Wakaendelea kucheka. Ndipo nikaapa."

Nikampa habari ya Angélique. Akaweka kijiko chini. Akakiokota. Akakiweka tena.

"Tufanye nini, Mama Nyota?"

"Chemchemi ife."

"Ife!"

"Ife kabla ya samedi. Akija Commissaire tunamwonyesha mtumbwi wa maji baridi na nyuso za kilio. Serikali haichukui maiti, Amuri. Inachukua kilicho hai, kisha ndiyo kinakuwa maiti."

Alitoa machozi. Kwa mama yake hakutoa, nilikuwepo mazishini.

"Watu watanicheka," akasema.

"Wakucheke ukiwa ndani ya nyumba yako."

Alikaa, akakuna goti, kisha akasema: "Bon. Sawa. Umesema vizuri."

Hapo ndipo ilipaswa nishtuke. Mwanaume akikubali upesi hivyo, ujue amekubaliana na jambo jingine kichwani mwake. Lakini nilikuwa najisifu moyoni kwa akili yangu, na mtu anayejisifu hasikii mlango ukifunguliwa nyuma yake.

Asubuhi ya samedi nikamtuma Daudi msitu wa Masako kukata kuni, aondoke na mikono yake inayowashwa kwa hamu ya moto. Nilimwona kwa macho yangu anatoka na shoka, sandali zake za mpira wa gari zinapiga pa, pa, pa. Nikashukuru Mungu. Nikachukua ufagio nikaenda salongo.

Amuri hakwenda. Amuri alikuwa na mgongo uliokuwa unauma kila samedi asubuhi, na kupona mara tu mafagio yanaporudi nyumbani.

Salongo unaijua: tunafagia barabara ya Taifa, tunachoma takataka za Taifa, Taifa limelala. Avenue nzima moshi. Kwa hiyo niliporudi, pua yangu haikuniambia kitu. Nilinawa uso, nikafunga pagne yangu, kitenge cha maua mekundu, na gari likasimama mlangoni.

Commissaire alikuwa mtu wa kifua kipana na kiuno kibovu. Zamani aliitwa Hubert. Authenticité ilipokuja, majina ya kizungu yakapigwa marufuku, akajipa majina ya mababu marefu hivi kwamba mtangazaji wa redio alikuwa anapumua katikati. Siyaandiki hapa, gazeti lina kurasa chache. Alikuja na mke wake, Citoyenne, zamani Pélagie. Mwanamke mkubwa, viatu virefu, pete, uso uliochoka na kukaa bure.

Amuri akatoka kuwapokea. Sura aliyoivaa, ungefikiri tumetoka kaburini sasa hivi.

"Citoyen Commissaire, pole ya safari. Chemchemi imetutoka."

"Imetutoka namna gani?"

"Imefariki. Jana, magharibi."

"Iliugua?"

"Ilikohoa kidogo. Kisha kimya."

Nilitaka kumpigia makofi.

"Miye nimekuya na kiuno yangu inalia," akasema Commissaire, "na wewe unanipa habari ya kilio? Nitaona hiyo maiti mwenyewe."

Akavua viatu mlangoni, kwa sheria ya nyumba, na mke wake akavua vyake. Kidole gumba cha Commissaire kilitoka nje ya soksi kusalimia wananchi. Viatu vyangu na vya Amuri vilikuwa juu ya rafu, ndani. Kizingitini ni mahali pa viatu vya watu wanaoingia. Nikainama, nikageuza vyote vilivyokuwa pale, pua kwa barabara, visigino kwetu, kama Bwana Nakahara alivyotufundisha. Macho yangu yalikuwa kwa Commissaire. Mikono ilijua kazi yake, haikungoja macho.

"Eh! Mama! Unanifukuza?"

"Mimi, Citoyen Commissaire?"

"Kwetu, mutu akigeuza kiatu ya mugeni, amemwambia: njia iko pale, tokomea!"

"Hapana, Citoyen. Kwa Wajapani ndiyo heshima. Kiatu kinamngoja bwana wake. Kama gari ya chef, ya mkubwa, dereva ameshaigeuza, pua yake iko barabarani."

Akafikiri. Ile "chef" ikamshuka tumboni taratibu kama chai ya maziwa.

"Kama gari ya chef," akasema. "Hawa Wajapani wako na akili. Donc kila kiatu inangoja bwana wake."

"Kila kiatu, Citoyen."

Ningekata ulimi wangu pale, leo ningekuwa na hoteli.

Tukaingia bafuni. Nilishika pazia, kama mama wa nyumba anavyopaswa, na macho nikayaelekeza kwenye bati la dari. Si kosa langu kwamba bati lilikuwa jipya na linang'aa.

Abacost ikavulika vizuri. Shida ikawa beji ya Chama iliyokuwa kifuani pake. Kuiweka chini, hapana, chini ni kwa miguu. Kuiacha juu ya abacost msumarini, hapana, Chama hakitundikwi msumarini. Commissaire alisimama uchi, beji mkononi, anatafuta mahali pa heshima, na mwili wa mwanadamu, msomaji, katika hali ile hauna mahali pa heshima pengi.

"Kichwani, Citoyen," nikasema macho yakiwa darini. "Wajapani wanaweka kitambaa kichwani."

Akabandika beji kwenye kitambaa, akakunja kitambaa juu ya upara. Heshima ikapatikana.

Akajisugua sabuni, akajimwagia maji, akaenda kwenye mtumbwi.

"Naketi mbele," akasema. "Chef haketi nyuma ya mutu."

"Lakini uko peke yako, Citoyen Commissaire," akasema Amuri.

"Hata kama!"

Akatumbukiza mguu. Nikangoja aseme baridi.

"Mbona iko moto?"

Nikageuka kwa Amuri. Sasa yeye ndiye alikuwa anasoma bati la dari. Katikati ya mawe maji yalikuwa yanabubujika, mvuke unapanda, bafu zima linanukia kuni.

"Imefufuka!" akapiga kelele Amuri, kwa sauti ambayo, naapa, alikuwa ameifanyia mazoezi. "Imesikia mguu ya chef, imefufuka!"

Commissaire akashuka mpaka shingoni. Akafumba macho. Akatoa sauti ambayo wanaume hutoa mara chache, na kwa kawaida mlango ukiwa umefungwa.

"Mama yangu mzazi," akasema. "Kiuno. Kiuno yangu imerudi kwa kijana."

Amuri alikuwa anatabasamu mpaka meno ya nyuma. Nikamvuta nyuma ya pazia.

"Papa Nyota, Daudi iko wapi?"

"Masako."

"Masako ya nyuma ya ukuta?"

Akakuna kichwa. "Hakufika hata daraja la Tshopo. Nilimfuata. Sikuweza, Mama Nyota! Chemchemi ya Amuri kufa mbele ya chef, kisha niende sokoni na uso gani?"

Kabla sijamjibu, na jibu lilikuwa la mkono, Commissaire akasema kutoka mtumbwini:

"Amuri! Hii maji haiwezi kuwa ya mutu moja. Inatoka chini ya udongo, donc iko ya Serikali. Toka lundi, nyumba hii ni établissement ya Serikali. Wewe nitakuacha kama gardien, mulinzi wa mulango. Mama atafagia."

Meno ya nyuma yakafunikwa. Baadaye ya katikati.

Nikaangalia ukuta wa sebule, kile kisigino cha baba yangu. Lundi, Jumatatu. Samedi ilikuwa inapita, iliyobaki ni dimanshi, na Mungu siku hiyo anapumzika.

Njia ilikuwa moja: kuiua chemchemi tena, mbele ya macho yake, yeye akiwa ndani.

Nikaenda uani. Citoyenne alikuwa ameketi kwenye kigoda anajipepea. Nikajaza kinu majani ya pondu, nikashika mchi, nikaanza polepole. Pu. Nikahesabu kondoo. Pu. Nikakumbuka ujana wangu. Pu.

Daudi, Mungu ambariki, akafungua maji baridi. Kutoka bafuni nikasikia:

"Eh, inapoa?"

"Inakata roho tena, Citoyen," akasema Amuri, na safari hii kilio kilikuwa cha kweli, kwa hiyo kilisikika kibaya zaidi.

"Sasa inafufuka, inakufa, inafufuka? Serikali haiwezi kuchukua kitu ya kufakufa. Wataniuliza huko juu."

Ah, msomaji! Pu. Nyumba ilikuwa inarudi kwangu, chumba kwa chumba. Pu. Sebule. Pu. Jiko. Kisha Citoyenne akaacha kujipepea.

"Mama Nyota, unatwanga ama unabembeleza mutoto?"

"Nimechoka, Citoyenne. Salongo."

"Kwetu Yahuma, muke mwenye kutwanga hivi wanamurudisha kwa mama yake. Na mahari inabaki."

"Kila kabila na mkono wake."

"Leta."

"Hapana! Wewe mgeni!"

"Leta, nakuambia." Akasimama, akavua pete, akazifunga kwenye pindo la pagne. "Toka Hubert amekuwa mukubwa, hakuna mutu ananipa kitu ya kutwanga. Boy anatwanga, boy anapika, miye nakaa kama picha. Mikono inanilia, Mama Nyota. Niachie kidogo tu."

Ningefanya nini? Nilivuta mchi, naye akavuta. Alifikiri ni adabu ya mwenyeji, kwa hiyo alivuta zaidi. Yeye alilelewa kwa mihogo na kazi. Mimi nililelewa kwa wali na maneno. Mchi ukaenda.

Akatwanga.

Msomaji, nimeona mvua ya Kisangani ikipiga bati. Nimeona ngoma za Chama siku za sherehe. Sijaona kitu kama Pélagie wa Yahuma na pondu yangu. Pu-pu-pu-pu-pu! Majani yaliruka mpaka kwenye nywele zake. Alirusha mchi juu, akapiga kofi, akaudaka, pu-pu-pu! Uso wote ulichanua, akawa msichana.

Na nyuma ya ukuta mdogo wangu, ambaye nyayo zake zilikuwa zinangoja amri kama hiyo tangu alipoacha meli, akasikia: ongeza, Daudi, ongeza, tunapanda mto!

"Citoyenne, inatosha! Imelainika!"

"Bado! Bado nina deni ya miaka!"

Ndipo ukaja ukelele.

"Mayoo! Mama yoooo!"

Commissaire akatoka uani na pazia, si kupitia pazia, pamoja nalo. Alikuwa anatoa mvuke kama ndizi ya kemba iliyotolewa sufuriani. Kitambaa kilikuwa bado kichwani, na beji ya Chama imenyooka vizuri kabisa. Sehemu nyingine zote za Serikali zilikuwa nje.

"Hubert!" akalia mke wake.

"Pélagie!" akalia yeye.

Majina mawili ya marufuku, mchana peupe, na mashahidi.

Nikamfunga pagne ya kwanza iliyokuwa kwenye kamba, ya bluu, yenye jogoo. Nikasema moyoni, sawa, ameungua, sasa atailaani chemchemi, ataondoka na kutema mate mlangoni, na sisi tumepona.

Lakini alikuwa anatazama ule mvuke, na macho yake yanang'aa.

"Volcan," akasema.

"Nini, Citoyen?"

"Volcan, mulima ya moto, iko hapa chini! Hii si chemchemi, hii iko nguvu! Serikali itaweka usine, kiwanda ya umeme. Taa mpaka Yahuma! Watanipa médaille." Akanyoosha mkono, jogoo akatikisika. "Hii nyumba itaondoka. Na ile ya pembeni. Na ile ya nyuma. Tutachimba!"

Juu ya ukuta wa nyuma kikatokea kitambaa cha kichwa, kisha uso wa Angélique chini yake.

"Ya nyuma?" akasema. "Ya nyuma iko yangu."

"Citoyenne, maendeleo ni maendeleo."

Angélique akaniangalia. Nikamwangalia. Nilimwomba kwa nyusi zote mbili. Akavuta pumzi.

"Miye sisemi kitu," akasema. "Mama Nyota iko dada yangu. Nasema tu, Citoyen Commissaire, muulize Amuri: nyuma ya bafu yake kuna nani?"

Uso ukashuka. Kitambaa kikabaki kidogo, kusikiliza.

Commissaire akageuka polepole.

"Kuna nani, Amuri?"

"Nani? Wapi? Hakuna mutu!" akasema mume wangu. "Ndani ya hii nyumba iko miye na muke wangu tu. Naapa!"

"Unaapa kwa nani?"

"Kwa Chama."

Nimemsikia Amuri akiapa kwa Mungu, kwa mama yake, kwa macho ya Nyota mtoto wetu. Kwa Chama ilikuwa mara ya kwanza, na alikuwa anaitazama ile beji, iliyokuwa bado inamtazama kutoka juu ya upara. Hapo nilijua tumekwisha.

"Bon," akasema Commissaire. "Nitazunguka mwenyewe. Lete kiatu yangu, nyayo zinaniwaka. Acha! Nitakwenda."

Akachechemea mpaka mlangoni na jogoo wake, sisi nyuma. Citoyenne alikuja na mchi begani. Commissaire akainama kwenye kizingiti, akanyoosha mkono, na mkono ukabaki hewani.

Pale chini viatu vilikuwa vimepangwa mstari, pua kwa barabara, kwa heshima zote za Kijapani. Viatu vyake vyeusi. Viatu virefu vya Citoyenne. Na pembeni, sandali za mpira wa gari, nyeupe kwa majivu mpaka kwenye kamba.

Nami ndiye niliyezigeuza. Daudi aliporudi alizivua mlangoni kama sheria inavyotaka, maana uani kwetu hakuna njia ila kupita ndani ya nyumba. Nilimfundisha adabu hiyo mimi mwenyewe, kwa kofi.

"Hizi za nani?"

"Zangu!" akasema Amuri. Upesi sana.

"Zako."

"Zangu za kazi."

"Vaa."

Amuri akaziangalia zile sandali kama mtu anayeambiwa apande ndani ya chupa. Akaingiza vidole. Akasukuma. Akazungusha kifundo, akapiga mguu chini mara mbili. Nusu ya mguu ikaingia. Nusu nyingine, kisigino chote na ukoo wake, ikabaki nje juu ya sakafu.

"Zimejikunja," akasema Amuri. "Kwa joto ya volcan."

Citoyenne akafunika mdomo kwa pindo la pagne, pete zikalia ndani yake. Commissaire hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Mama Nyota. Hizi, ni wewe uligeuza."

"Ndiyo, Citoyen."

"Ulisema kila kiatu inangoja bwana wake."

"Nilisema, Citoyen."

"Hizi zinangoja nani?"

Nikafungua mdomo. Uongo ninao, hata wa kuazimisha majirani, na mmoja mzuri sana ulikuwa tayari umefika kwenye meno.

Lakini kinu kilikuwa kimenyamaza muda mrefu. Na ndugu yangu Daudi, ambaye hasikii hata sauti yake mwenyewe, na kwa hiyo huongea kama meli inayoaga bandari, alichoka kungoja. Akapiga kelele kutoka nyuma ya ukuta, avenue nzima ikasikia:

"Dada! Mbona kinu imekufa? Kuni imeisha! Nipasue mulango ya choo nitie?"